MREJESHO: Vitu vipya vya Valheim tumevipata

Wakuu, shukrani. Niliuliza mbona tumeapdeti Valheim (gemu ya kuishi na kujenga katika dunia ya Waviking) kwenye kompyuta za saiba yangu hapa Kondele, Kisumu, lakini vijana wakienda Mistlands, eneo la ukungu la gemu hiyo, wanakuta ile ile ya zamani: miti mikubwa na utando wa buibui, la maana hakuna.

Yule aliyesema ardhi ya gemu huzalishwa mchezaji anapoikaribia mara ya kwanza alipiga ndipo. Palipokwisha kanyagwa kabla ya apdeti ya Mistlands ya Desemba 2022 panabaki vile vile. Kuna mliosema tuanze dunia mpya. Hapana jamani, vijana wamejenga ngome huko, wangenihama wote!

Tulifungua ramani, tukatafuta pasipofunuliwa bado, vijana wakapanda mashua. Walipotia nanga tu, ukungu mzito. Mmoja akavaa Wisplight, kitaa cha kufukuza ukungu, ukungu ukamwachia duara dogo, na hapo ndipo taa za Dvergr (mbilikimo wa gemu) zikaonekana juu ya jabali. Kelele za vijana! Seeker, mdudu mkubwa mkali, akawamaliza wawili papo hapo.

Ashlands, eneo jingine lililokuja na apdeti ya Mei 2024, iko kusini kabisa ambako hatujawahi kufika, kwa hiyo hiyo hainisumbui. Sasa nimebandika ukutani ramani yenye alama za sehemu mbichi, zisizokanyagwa bado.