Tupeane uzoefu: gari la zamani limegoma kuwaka baada ya imobilaiza kuwashwa usiku

Mwanamada
Wakuu, wenye magari ya zamani tukutane hapa. Nina Peugeot 504 ya kabureta niliyoachiwa na baba, na siko tayari liibiwe, kwa hiyo lina imobilaiza, kile kifaa cha kuzuia wizi kinachokata umeme gari lisiwake. Juzi limelala salama. Asubuhi naizima imobilaiza, kitaa chake kinazimika kama kawaida, stata inazunguka kwa nguvu, moto hakuna. Fundi wa kwanza anataka koili mpya (ile inayozipa plagi moto), wa pili anataka kushusha kabureta. Nikawaambia hakuna kinachobadilishwa mpaka tujue imobilaiza inakata wapi. Tukashika taa ya kupimia: ufunguo uko ON, chanya ya koili haina umeme. Tukaufuata waya hadi chini ya dashibodi, tukakuta rilei ya imobilaiza, yaani swichi yake ya umeme, soketi yake imeungua na kuwa kahawia, mguu mmoja umelegea. Rilei mpya na soketi yake, gari likawaka hapo hapo. Koili ni ile ile ya zamani.
Nanyi tuambieni: gari gani, dalili gani, mwisho ikawa nini?

Bandarini
Mombasa hapa, Datsun pikapu. Yangu ilikuwa inataka kuwaka halafu inakufa, hasa ikikaa muda mrefu bila kutembea. Imobilaiza inanyonya umeme kidogo kidogo muda wote, betri inachoka. Ukipiga stata volti zinashuka, kiboksi cha imobilaiza kinajizima na kikirudi kinajifunga upya. Angalia kitaa wakati stata inazunguka: kikianza kumeta tena, ndicho hicho. Nilibadilisha betri, nikasugua waya wa hasi unaotoka kwenye injini kwenda bodi. Chumvi ya bahari huku inaula sana huo waya.

Tdi Ughaibuni
Niko Uingereza, Land Rover Defender 300Tdi. Dizeli haina koili, kwa hiyo msihangaike huko. Imobilaiza inakata umeme wa solenoidi ya kuzimia, yaani vali ya umeme inayofungua na kufunga mafuta, iliyo kwenye pampu ya nozeli. Zima kelele zote, mtu afungue ufunguo, wewe tega sikio kwenye pampu: lazima isikike "tak". Yangu ilikuwa kimya, na tatizo likawa kile kiboksi cha nyuma ya dashibodi. Huku magari mapya yalilazimishwa kuwa na imobilaiza tangu Oktoba 1998. Ya kabla ya hapo mengi yamefungiwa na mafundi wa mtaani, kila mmoja kwa njia yake, mchoro hakuna. Ukiiondoa, waarifu watu wa bima kabla ya kuliingiza gari barabarani.

Fundi Waya
Mwanamada amefanya sawasawa. Naongezea wenye Toyota za EFI (zisizo na kabureta, mafuta yanapulizwa kwa umeme) za miaka ya 90, Mark II, Corolla AE100 na wenzake. Chini ya boneti kuna kiboksi cha kupimia chenye alama +B na FP. Unganisha hizo mbili kwa kipande cha waya, ufunguo ON. Pampu ya mafuta ikinguruma, ila ukipiga stata bila huo waya haingurumi, tafuta upande wa rilei. Isiponguruma kabisa, anza na fyuzi, kisha fuata waya wa pampu kuelekea nyuma. Mark II ya mteja wangu ilikuwa imekatwa mara mbili kwenye waya huo mmoja: imobilaiza ya zamani, na juu yake traka, kile kifaa cha kufuatilia gari lilipo. Maungio yamesokotwa kwa mkono na kufungwa tepu chini ya zulia la dereva, shaba imegeuka kijani. Nikachomelea kwa risasi.
Na tafadhali, waya wa moja kwa moja kutoka betri hadi koili ni wa kupimia tu. Ukiuacha, koili inachemka injini ikiwa imezima, na ufunguo hauzimi gari.

Mwanamada
Asante sana, mkuu. Nakagua maungio yangu yote Jumamosi. Mwenye mchoro wa waya wa 504 ya kabureta autundike hapa.