PostgreSQL 13 kwenda 17: nibaki na md5 au nihamie SCRAM?

Mgeni_wa_Seva: Wakuu, wikendi hii hifadhidata yetu inahamia 17. Kwenye pg_hba.conf (faili la nani aingie na kwa njia gani) niache md5, njia ya zamani ya kuthibitisha nywila, niweke scram-sha-256 (SCRAM), njia mpya, au niende kwenye vyeti vya kidijitali kabisa?

Kitovu: Mkuu, mbona hujasema draiva gani na toleo gani? Kuna PgBouncer, ile inayogawa miunganisho, katikati? libpq (maktaba ya mteja ya PostgreSQL) ya chini ya 10 na JDBC (draiva ya Java) ya chini ya 42.2.0 hazijui SCRAM; zitalalamika kwamba aina ya 10 ya uthibitishaji haitambuliki. PgBouncer iwe 1.11 kwenda juu.

Nanga: SCRAM, usisite. Hashi ya md5, yaani alama ya nywila inayohifadhiwa kwenye seva, inatokana na nywila na jina la mtumiaji tu, kwa hiyo anayeiokota kwenye nakala rudufu anaingia nayo bila hata kuivunja. Toleo la 18 tayari linatoa onyo ukiweka nywila ya md5.

Pwani_DBA: Sawa, ila mpangilio ndio unaoumiza. Kuna sehemu walibadilisha mistari yote kuwa scram-sha-256, wakapakia upya mipangilio, kila kitu kikaenda vizuri. Kumbe miunganisho iliyokwisha funguka haiulizwi nywila tena. Usiku bwawa la miunganisho (miunganisho inayowekwa wazi ili itumike tena) likaanza kufunga ya zamani na kufungua mipya, na kila mpya ukakataliwa. Programu iliona tu kwamba nywila si sahihi, watu wakahangaika na nywila saa nzima. Jibu lilikuwa kwenye logi ya seva: mtumiaji hana siri halali ya SCRAM. Kuhamisha data hakubadilishi hashi. Iliyokuwa md5 inabaki md5 mpaka nywila iwekwe upya.

Kwa hiyo acha neno md5 kwanza, maana linakubali zote mbili: seva ikikuta hashi ya SCRAM inatumia SCRAM yenyewe. Weka nywila upya kwa \password ndani ya psql, isiandikwe wazi kwenye logi. Kisha kagua hashi zilizohifadhiwa:

SELECT rolname, left(rolpassword, 13) FROM pg_authid WHERE rolcanlogin;

Zote zikianza na SCRAM-SHA-256, ndipo ubadilishe mistari, na ujaribu kwa muunganisho mpya.

Jongoo: MySQL, hifadhidata nyingine, hili wamelipanga vizuri zaidi. Kila akaunti ina programu-jalizi yake ya uthibitishaji, na seva inamwambia mteja abadilishe njia palepale.

Nanga: Na caching_sha2_password, mojawapo ya programu-jalizi hizo za MySQL, bila TLS (usimbaji wa muunganisho)? Seva ikizimwa na kuwashwa, kache inakuwa tupu, na mteja asiye na ufunguo wa umma wa seva anakataliwa ingawa jana aliingia.

Jongoo: Basi weka TLS. Huku kwenu mteja hana sauti kabisa.

Kitovu: Anayo. Tangu libpq 16 kuna require_auth=scram-sha-256; seva bandia ikiomba nywila wazi, mteja anakata. Ila seva husoma pg_hba.conf toka juu, mstari wa kwanza unaolingana ndio huohuo, uthibitishaji ukishindwa hapo seva haishuki wa pili.

Mgeni_wa_Seva: Samahani, nimechelewa. PgBouncer ipo, 1.21. Tatizo ni programu ya ripoti, ina JDBC 42.1.4 ndani.

Pwani_DBA: Mpe mtumiaji huyo mstari wake wa md5 juu kabisa, na IP yake peke yake; nywila yake usiiguse. Wengine wahame.

Nanga: Hapana, badilisha faili la draiva tu. Inaendeshwa na Java ngapi? Ikiwa chini ya 8, SCRAM haitafanya kazi.

Mgeni_wa_Seva: Ngoja niangalie.