Kompyuta 14 za skuli, Windows 10 imefika mwisho: Ubuntu, Mint au Debian?

MaalimWete

Assalamu alaykum waungwana. Chumba cha kompyuta cha skuli yetu hapa Wete kina mashine 14 za mezani: Core i3 za kizazi cha 3, RAM GB 4, diski za kawaida za GB 500. Zote zina Windows 10, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inazikataa. Tumekubaliana kuhamia Linux, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta wenye matoleo mengi, ila hatukubaliani lipi. Kijana mmoja anasema Ubuntu imeshikwa na kampuni tusiiguse, mwengine anasema Mint ni Ubuntu ile ile iliyovishwa kanzu nyengine, wa tatu hataki kusikia ila Debian. Ugomvi huu unanihusu nini mimi ninayetaka wanafunzi waandike na wachape?

Mzingatie pia kwamba intaneti yetu ni bando la simu kwenye ruta moja, umeme unakatika, na walimu wanatunga mitihani kwa Word, ya Kiswahili na ya Kiarabu. Halafu mashine mbili saa zake haziaminiki: moja inarudi miaka ya nyuma kila asubuhi, nyengine iko nyuma saa tatu kamili.

FundiDarajani

Waalaykumu salaam Maalim. Unakuhusu, kwa sababu ya bando lako.

Ubuntu iko chini ya Canonical tangu 2004, hilo si jipya. Kinachogombaniwa ni snap, yaani programu zinazotoka kwenye duka moja tu, na duka hilo linaendeshwa na Canonical wenyewe. Tangu toleo la 22.04, ukiiambia Ubuntu ikuwekee Firefox kwa apt (chombo cha kawaida cha kuweka na kusasisha programu), inakuletea snap. Mint walikataa mwaka 2020 katika toleo la 20: waliweka faili la nosnap.pref linalozuia snap isiingie bila ruhusa yako. Watu wanalijadili kama suala la uhuru, na ni kweli ni la uhuru, lakini kwako ni suala la fedha. Snap hujisasisha zenyewe, na kila mashine huvuta mzigo wake peke yake. Mara 14. Juu ya hayo, kwenye diski ya kawaida Firefox ya snap huchelewa kufunguka mara ya kwanza kwa sababu imo ndani ya faili lililobanwa.

Vifurushi vya apt unaweza kuvishusha mara moja vikatumika na wote. Chagua mashine moja iwe ghala, ipe anwani isiyobadilika, tuseme 192.168.1.10, kisha iwekee apt-cacher-ng, programu inayotunza nakala za vifurushi. Kwenye nyengine zote unda faili /etc/apt/apt.conf.d/01proxy lenye mstari huu mmoja:

Acquire::http::Proxy "http://192.168.1.10:3142";

Mashine ya kwanza ikisasishwa, vifurushi vinabaki ghalani, na zilizobaki zinavichota kwa waya bila kugusa bando. Panaharibika sehemu mbili. Ghala likiwa limezimwa, apt ya mashine zote inagoma, kwa hiyo liwashwe kwanza. Na ukichagua kioo cha vifurushi (seva yenye nakala zake) chenye anwani ya https, ghala linakataa na apt inatoa kosa la 403. Chagua cha http. Usihofu usalama hapo, kwani apt huhakiki saini ya vifurushi bila kujali njia viliyopitia. Flatpak, njia nyengine ya kuweka programu, haipiti kwenye ghala hili, basi usiifungue chumbani.

Kwa hiyo weka Mint ya Xfce (mazingira mepesi ya mezani), toleo la 22, linalohudumiwa hadi 2029. Faili lake ni karibu GB 3, lishushe mara moja, lipimwe kwa sha256sum, amri ya kuhakikisha halikuharibika, kabla ya kuliandika kwenye fleshi. Liwashe kutoka kwenye fleshi bila kufuta kitu, jaribu printa na sauti, ndipo usakinishe.

Fedha ikipatikana, anza na SSD (diski ya kasi isiyozunguka) ya GB 120 au 240 kabla ya RAM, tofauti yake utaiona siku ile ile. RAM ikifuata, mashine hizo zinatumia DDR3. Ukinunua DDR4 haitaingia, tundu lake liko mahali pengine. Kwa sasa weka zram-tools, inayobana yaliyomo kwenye RAM, na katika /etc/default/zramswap andika PERCENT=50. GB 4 zitavumilia zaidi.

BintiMlandege

Kwa upande wa mitihani: Maalim, weka LibreOffice, usiweke OpenOffice, hata kama jina la pili ndilo wanalolikumbuka walimu. Oracle ilipoinunua Sun mwaka 2010, waandishi wengi wa OpenOffice hawakuwa na imani na mwenye mali mpya, wakajitenga Septemba mwaka huo na kuanzisha LibreOffice chini ya taasisi yao. Mwaka uliofuata Oracle ikaitoa OpenOffice kwa Apache, lakini mafundi walishahama. Matokeo yake unayaona mezani: OpenOffice inafungua docx, yaani faili la Word, lakini haiwezi kuhifadhi docx. Siasa ya miaka 15 nyuma inaamua kama mtihani utafunguka kwa mkaguzi.

Mtihani wa Word ukifunguliwa ukakuta swali la 20 limeangukia ukurasa wa tatu, tatizo ni fonti. Calibri haimo kwenye Linux, ikibadilishwa na fonti yenye herufi pana zaidi, mistari yote inasogea. Weka fonts-crosextra-carlito badala ya Calibri, fonts-crosextra-caladea badala ya Cambria, na fonts-liberation badala ya Arial na Times New Roman. Hizi zimechongwa kwa upana ule ule wa herufi. Za kuchapishwa zitoke kwa PDF daima.

Kiarabu kinataka hatua zake. Ingia Tools, Options, kisha sehemu ya lugha, uwashe maandishi changamano na uchague Kiarabu. Weka fonti ya Amiri, kifurushi chake ni fonts-hosny-amiri, inakaa vizuri na irabu. Ongeza kibodi ya Kiarabu kwenye mipangilio ya Xfce. Ctrl na Shift ya kulia hugeuza aya ianzie kulia. Bila kuigeuza, nukta ya mwisho wa sentensi itarukia upande usiokuwa wake na walimu watadhani programu ni mbovu.

Na hili linawapoteza wengi: kwenye mipangilio ya tarakimu, ukichagua "Arabic" utapata 1, 2, 3. Ukitaka ١، ٢، ٣ chagua "Hindi", ndivyo zilivyoitwa kwenye matoleo mengi ya zamani. Mapya yanaandika "Eastern Arabic".

Kwa ajili ya umeme, hifadhi ya dharura ya LibreOffice huwa kila dakika 10. Ishushe hadi 2.

Mkoani_Debian

Fundi amesema kweli kuhusu snap, ila kijana wa tatu asidharauliwe. Mint inasimama juu ya Ubuntu, na Canonical wakiamua jambo, Mint hulazimika kulifuata au kulizunguka. Wenyewe wanalijua hilo, ndiyo maana wanatunza LMDE, Mint iliyojengwa moja kwa moja juu ya Debian. Debian haina kampuni nyuma yake, na kiongozi wake anapigiwa kura kila mwaka.

Debian inasemwa kuwa imepitwa na wakati. Machi 2024 ilipogundulika kuwa mtu aliyejijengea imani kwa miaka alipenyeza mlango wa siri kwenye xz, programu ya kubana mafaili, matoleo 5.6.0 na 5.6.1, Debian thabiti haikuguswa. Yalifika kwenye matawi ya majaribio tu. Kwa chumba cha skuli mimi nauchagua uzee huo.

Saa sasa. Ile inayorudi miaka nyuma imekufa betri ya CR2032 kwenye bodi. Ibadilishe kabla hujasakinisha, kwani tarehe ikiwa mbovu kurasa za https zinakataa na apt inasema faili la hazina bado halijaanza kutumika. Ile ya saa tatu, bila shaka kuna mtu ameshaijaribu Linux. Linux huandika saa ya bodi kwa UTC (saa ya kimataifa), Windows huisoma kama ya hapa, na sisi tuko saa tatu mbele ya UTC: saa nne asubuhi Windows inaonyesha saa moja. Windows ikiondoka, tatizo linaondoka nayo.

MaalimWete

Ahsanteni sana, Mwenyezi Mungu awalipe. Tunaanza na Mint kwenye mashine mbili. Tuna pia laptopu ndogo ya Atom, RAM GB 2, nusura itupwe. Ina kazi yoyote?

Mkoani_Debian

Usiitupe. Endesha lscpu, amri ya kuonyesha aina ya kichakato, kutoka kwenye fleshi ya Linux ya biti 32. Ikionyesha biti 32 tu, Mint 22 haitaikubali, na Debian 13 haina tena kisakinishi cha biti 32. Debian 12 kinacho, na itahudumiwa hadi Juni 2028. Isakinishe bila mazingira ya picha.

FundiDarajani

Hiyo ndiyo ghala lako. apt-cacher-ng haihitaji nguvu, GB 2 zinatosha na kubaki. Iunganishe kwa waya, si kwa Wi-Fi, na uiambie isilale kifuniko kikifungwa: HandleLidSwitch=ignore katika /etc/systemd/logind.conf. Betri yake ikiwa bado inashika chaji, umeme ukikatika ghala halitazima katikati ya kuandika.