Naombeni ushauri: magazeti ya marehemu mzee yanameguka, nifanyeje?

Binti_Oli
Salaam wanajukwaa. Niko Arua. Mzee wangu alituacha, na katika vitu vyake kuna sanduku la bati limejaa magazeti ya zamani, karibu yote Argus za miaka ya sabini, enzi za Amin. Mwaka 1979 tulikimbia nalo hadi Ariwara, upande wa Zaire, likarudi nasi salama. Sasa karatasi imegeuka kahawia, ukiigusa pembeni inavunjika. Nataka yabaki katika hali nzuri. Wengine wananiambia nipige laminesheni, wengine niweke vidonge vya nondo. Na swali dogo: kuna kitu kinachotoa maandishi ya penseli kwenye karatasi ya zamani bila kuichana? Jibu nalihitaji kabla ya mwisho wa mwezi. Asanteni.

Boda_Nateete
Pole kwa msiba dada. Kwetu Argus zote ziliishia kufungia karanga. Marehemu babu alikuwa anasema Amin alikuwa mtamu siku ya soko tu 😂

Mhifadhi
Pole sana. Nimefanya kazi maktaba muda mrefu, nisikilize kabla hujapeleka kitu dukani kwa watu wa laminesheni.

Karatasi ya gazeti husagwa kutoka kwenye mti mzima, pamoja na lignini yake, ile gundi ya asili inayoshikanisha nyuzi za mti. Lignini ikikutana na mwanga na hewa inageuka rangi na kuzaa asidi, na asidi ndiyo inayokata nyuzi. Kwa hiyo gazeti linajila lenyewe hata bila mdudu. Ukilipiga laminesheni unaifungia asidi humo humo, na siku ukitaka kuitoa plastiki unatoka na wino. Selotepu nayo ni adui, gundi yake inaacha doa lisilotoka.

Yalaze bapa, usiyakunje upya. Toa pini na klipu zote, zina kutu. Boksi lisilo na asidi likikosekana, yafunge kwa kitambaa cheupe cha pamba kilichofuliwa na kusuuzwa vizuri, yaweke juu ya rafu, mbali na sakafu na mbali na joto la mabati. Vidonge vya nondo havizuii asidi, na moshi wake si mzuri kwa mapafu yako. Kama kuna wadudu, tia magazeti kwenye mfuko wa plastiki, toa hewa, funga, weka kwenye friza wiki moja au mbili. Ukiyatoa usifungue mfuko mpaka ubaridi uishe, la sivyo yataloa.

Kisha yapige picha. Kivulini, simu iwe sambamba na ukurasa, bila flashi.

Penseli iache. Kwa nini unataka kuitoa?

Mama_Shamim
Innalillahi. Mwanangu, vitu vya mzazi vina baraka zake. Mimi wa kwangu aliacha kofia na redio, redio haishiki stesheni lakini haitoki sebuleni. Usiharakishwe na mtu.

Binti_Oli
Asante Mhifadhi, nimeelewa habari ya friza. Penseli ni michoro tu ya mzee, haina maana. Inachafua ukurasa.

Kijana_wa_Lukaya
Ukisema 1979 unanikumbusha jjajja wangu, yaani bibi. Machi ile vita vilipofika Lukaya, Walibya waliomsaidia Amin upande ule, Watanzania upande huu, yeye alilala kwenye migomba na watoto na mbuzi mmoja aliyefungwa mdomo kwa kitenge. Tuliambiwa kelele za Saba Saba, zile roketi za Watanzania, zilikuwa zinamfanya mbuzi ajikojolee. Wakombozi walipopita wakamwuliza kwa Kiswahili, "Mama, humo ndani mko wangapi?" Kiswahili chake chote kilikuwa "Jambo bwana". Akajibu "Jambo bwana". Wakauliza tena. "Jambo bwana." Mmoja akacheka, akampa biskuti za jeshi. Hadi anakufa alikuwa anasema alizungumza na jeshi lote la Nyerere. Hakuna aliyewahi kuliandika hilo popote, naliandika hapa leo.

Mwalimu_Mstaafu
Tusisahau gazeti lenyewe lilikuwa nini. Enzi zile anayeandika kweli alilipa kwa shingo. Padri Clement Kiggundu, mhariri wa gazeti la Munno, aliuawa Januari 1973. Magazeti ya serikali yalibaki kusifu. Ukurasa wa mbele ni mheshimiwa anafungua, mheshimiwa anapokea, mheshimiwa anaonya. Vijana wa leo mnaona picha za Amin kwenye mtandao mnasema alikuwa mcheshi. Mwaka 2019 Jumba la Makumbusho pale Kampala lilionyesha picha zilizopigwa na wapiga picha wake mwenyewe. Nilikwenda, nikasimama, sikucheka.

Mpekuzi256
Samahani, nina tatizo na uzi huu. Mleta uzi anasema "Argus za miaka ya sabini, enzi za Amin". Uganda Argus ilibadilishwa jina kuwa Voice of Uganda Desemba 1972. Karibu yote yatakuwaje Argus? Halafu karatasi imekwenda Zaire na kurudi, na Arua yetu ninavyoijua kwa mchwa, haijaliwa hata kona. Leta picha.

Mkagera
Mimi niko Bukoba, nilikuwa nasoma kimya kimya. Mpekuzi kasema. Hii chai, na haina sukari.

Boda_Nateete
Banange, huyu Mpekuzi angekuwa polisi tusingelala.

Binti_Oli
Mimi si mwongo. Kwetu gazeti lolote lilikuwa "Argus". Mzee alikuwa anatuma mtoto, "niletee Argus," na analetewa chochote kilichopo. Nimefungua sanduku sasa hivi. Juu ni Voice of Uganda. Argus zenyewe ziko chini, chache, za 1971 na 1972. Kuhusu mchwa, sanduku ni la bati na halikuwahi kugusa ardhi, lilikuwa juu ya matofali chini ya kitanda cha mama.

Mwalimu_Mstaafu
Hilo la jina ni kweli. Baba yangu aliita New Vision "Argus" mpaka anaingia kaburini.

Mpekuzi256
Sawa, hilo nimelipokea. Ila bado. Mtu anayetaka kuhifadhi hafuti. Na "mwisho wa mwezi" ni wa nini? Karatasi imesubiri tangu vita, leo ina haraka gani? Kuna kitu hujasema.

Binti_Oli
Haya, mmenibana.

Mzee alikuwa karani wa tumbaku. Vita vilipokaribia, daftari halikupatikana kwa hela wala kwa kubembeleza, hivyo akawa anaandika kwa penseli pembezoni mwa magazeti aliyokuwa nayo. Gazeti la 1976, maneno ya 1979. Anaandika kwa Kiswahili, maana babu alikuwa askari wa KAR, jeshi la mkoloni lililotumia Kiswahili, na mzee alikulia Bombo. Kila aliyepita njiani kuelekea mpakani alimwuliza: umetoka wapi, umebeba nini, umemwacha nani. Kuna mwanamke aliyebeba mlango wa nyumba yake. Mlango tu. Kuna mtu aliyetembea na kuku chini ya kanzu akamkuta amekufa kwa joto, akambeba hivyo hivyo hadi Ariwara kwa sababu ndiye aliyekuwa wake.

Kuna mnunuzi Kampala, anakusanya magazeti ya zamani. Ameshanipa nusu ya hela. Anataka kurasa safi zisizoandikwa. Nimeanza kufuta kwa raba. Msiniangalie hivyo, hela ile imekwenda kwenye ada ya shule.

Mama_Shamim
Umefuta maneno ya baba yako? Astaghfirullah. Mwanangu, mkono wa mzazi!

Kijana_wa_Lukaya
Dada unaniumiza. Mimi jjajja wangu hana hata mstari mmoja.

Binti_Oli
Mnahukumu kwa urahisi kwa kuwa ada si yenu. Nilichoacha ni gazeti zima, lenye historia ya nchi. Nimetoa pembezoni tu. Na mzee mwenyewe hakuwahi kusema tuyasome.

Mhifadhi
Naomba nikwambie kama ningekuwa nimekaa nawe mkekani. Maandishi ya wino ya Voice of Uganda yalichapwa kwa maelfu, na nakala ziko kwenye maktaba, hata Makerere. Mtu akitaka kujua Amin alifungua nini siku fulani, atapata. Mwanamke mwenye mlango hayuko popote ila kwenye sanduku lako. Nakala ni moja, na ndiyo unayoisugua.

Kisha kuna hili: penseli ni kaboni, haififii kwa mwanga kama wino. Mzee alichagua kitu cha kudumu bila kujua. Na raba kwenye karatasi iliyochoka inang'oa nyuzi, utatoboa.

Mpekuzi256
Mnunuzi wa vitu vya kale kwa kawaida huongeza bei akiona mwandiko wa mtu. Huyu anataka safi? Au ni wewe unayetaka ziwe safi?

Mkagera
Hapo hapo. Jibu hilo dada.

Binti_Oli
Mnunuzi hakusema lazima. Alisema angependa.

Kuna majina. Watu walipokimbia, wengine walibaki nyuma siku chache, na nyumba zilikuwa wazi. Mzee aliandika nani alibeba nini. Mahali pamoja ameandika: "Cherehani ya fundi imepita kwenye baiskeli, imefunikwa gunia." Na jina la anayesukuma baiskeli.

Ni baba mkwe wangu. Yu hai. Tunakula naye Idi. Na cherehani ipo, mimi ndiye ninayeishonea, nguo za shule za watoto wa mtaa mzima zinatoka hapo. Sasa niambieni ningefanya nini.

Boda_Nateete
Leo sina utani.

Mpekuzi256
Na mimi leo ndiyo nimepata hakika kwamba ni hadithi ya kutunga. Cherehani ileile, mkwe yuleyule, mwandiko uleule. Imekaa vizuri mno. Mtu anajaribu tamthilia yake kwetu bure.

Mama_Shamim
Wewe kijana hujui cherehani. Nenda Kiyembe ukaulize mafundi, kuna vyuma pale vimezidi umri wako mara mbili na vinashona koti. Na Arua ni mji mdogo, mkwe atatoka wapi, mwezini?

Mkagera
Mimi nilisema chai, sasa sijui. Nitasema langu. Mwaka 1978 baba alikuwa na ng'ombe kaskazini ya mto Kagera. Jeshi la Amin lilipoingia, mzee alivuka kuja kusini na mama na mimi mgongoni. Baada ya siku chache daraja la Kyaka likalipuliwa, ng'ombe wamebaki ng'ambo. Walipelekwa Uganda wakiwa hai, majirani waliona. Vita vilipoisha baba alikwenda hadi Mutukula anawaita kwa majina yao kama mwendawazimu. Hakupata hata mmoja. Laiti angekuwepo karani pale njiani na penseli. Si kwa kudai, ng'ombe wale waliliwa zamani. Ila baba alikufa watu wakisema labda hakuwahi kuwa na ng'ombe.

Mwenye cherehani alirudi?

Binti_Oli
Fundi alifia Sudan. Ana binti, yuko Koboko, anauza vitenge. Tunasalimiana.

Mwalimu_Mstaafu
Mimi nasema tuwe waangalifu. Aliyebeba kitu siku ile huenda aliona kikiachwa kitaporwa na askari. Vita vina hesabu zake. Hata hivyo mzee wako hakuandika "mwizi". Aliandika cherehani imepita kwenye baiskeli. Mwandishi mzuri huyo.

Mhifadhi
Binti, kuna kitu unapaswa kukijua kuhusu kurasa ulizokwisha kufuta. Penseli inakandamiza karatasi. Zima taa usiku, washa tochi, ilaze karibu na ukurasa ili mwanga upite ubavuni. Angalia.

Binti_Oli
Nimefanya hivyo. Yanasomeka.

Ya baba mkwe pia. Jina lote.

Kwa hiyo mnunuzi naye angeyasoma?

Mhifadhi
Mtu yeyote mwenye tochi.

Mpekuzi256
😂😂 Samahani. Lakini 😂

Binti_Oli
Basi hayauzwi. Msinipigie makofi, sijaokoka. Ni kwamba kufuta hakusaidii. Nilifikiria hata kuyachoma.

Mama_Shamim
Usichome! Mkwe mwenyewe ongea naye kwanza. Wazee huwa wanajua zaidi ya tunavyodhani wanajua.

Mhifadhi
Usichome wala usitangaze. Sehemu kama Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa pale Wandegeya, Kampala, unaweza kwenda ukauliza kuhusu kukabidhi kwa masharti, kwamba kurasa fulani zisifunguliwe hadi wahusika wawe wameondoka duniani. Jambo hilo ni la kawaida katika kazi hii. Yaandikwe kwenye karatasi mkubaliane kabla hujatoa hata gazeti moja. Au kaa nayo wewe, ila picha ziwe mahali pawili, simu ikiibwa usirudi mwanzo.

Kijana_wa_Lukaya
Nina safari ya Arua na lori la mbao. Nina simu yenye kamera nzuri na nina subira. Nikusaidie kupiga picha?

Binti_Oli
Karibu, lakini utapigia nyumbani kwa mama, si kwangu. Na ukurasa wa cherehani nitaupiga mwenyewe.

Mnunuzi amepiga simu, sijapokea. Nitamrudishia hela kidogo kidogo, kaka yangu amesema atachangia kisha akaanza kuuliza sanduku lina thamani gani, hiyo ni kesi nyingine. Mhifadhi, swali la mwisho: niyapange kwa tarehe ya gazeti au kwa tarehe aliyoandika mzee?

Mhifadhi
Kwa vyote viwili usipange. Acha kama alivyoyaweka, hata kama unaona fujo. Yeye ndiye alijua kwa nini la 1976 liko juu ya la 1974. Andika orodha tu, ukurasa kwa ukurasa, kwa mpangilio huo, na uandike kwa penseli.

Mpekuzi256
Na picha je? Hata ya sanduku tu.