Naomba ushauri: watu wazima wa kuwashika mkono watoto wa kulelewa, kisiwa cha Ukara

Habari zenu wakuu. Tuko kikundi kidogo cha kujitolea hapa Ukerewe, Ziwa Victoria. Tunataka kila mtoto anayelelewa na familia isiyo yake kule Ukara awe na mtu mzima mmoja wa kumfuatilia: shule, tabia, hata kumsikiliza tu. Baadhi yao walipoteza wazazi kivuko cha MV Nyerere kilipozama Septemba 2018, na sasa ni vijana.

Tulianza na wanachuo wa Mwanza. Wazuri sana, ila ni safari ya kwenda Nansio, kisha Bugolora, kisha kivuko cha Ukara. Nauli ikikata, mtu haonekani tena, na mtoto ambaye ameshaachwa mara moja anaachwa tena. Tukajaribu simu. Simu ni ya mlezi, anakaa palepale anasikiliza. Mtoto anajibu "nzuri", "ndiyo", basi. Halafu giza la mwezi likiingia, wavulana wako ziwani kwenye dagaa usiku kucha, asubuhi wanasinzia darasani.

Mimi naona tuchukue watu wa hukohuko: fundi cherehani, mwalimu mstaafu, mama wa dagaa. Wenzangu wanahofia siri za watoto zitazagaa kijiji kizima.

Naomba kujua: waliofanya kazi hii visiwani, mlilindaje siri pale ambapo kila mtu ni ndugu au jirani? Na je, ridhaa ya mlezi na mtendaji wa kijiji inatosha, au lazima tuanzie kwa afisa ustawi wa jamii wa wilaya?