Kupasha mwili bawili-bawili: batoto banageuza yote mashindano, nifanye aje?

mukaba_bulu_kadutu (Bukavu)

Jambo bote. Miye nasaidiaka metre (mwalimu) yetu ku klabu ya judo huku Kadutu, niko na kundi ya batoto ba miaka 9 mpaka 13, na sasa metre aliniachia ile wakati yote ya kupasha mwili. Mbele ya pale tulikuwa tunakimbia tu kuzunguka sali, kisha pompe (kulala na kujiinua na mikono), kisha kuruka, batoto banachoka na roho yao inakuwa imeisha toka mbali mbele hata ya kushikana kimono. Njo nikaleta mazoezi ya bawili-bawili: bruweti (mumoja anatembea na mikono, mwenzake anamushika miguu), kubebana ku mugongo, kukaa mugongo kwa mugongo na kusimama pamoja bila mikono, kuvutana na mukaba, na ule muchezo wa kugusana magoti. Banaipenda sana, hata bale ba haya banaanza kucheka.

Shida ni kwamba kila kitu inageuka vita. Ukisema bruweti, mwenye kushika miguu anasukuma mwenzake kama vile anateremuka na chukudu ya mbao yenye viazi, mpaka ule wa chini mikono inakunjika na anagonga kidevu ku tatami. Mugongo kwa mugongo, mwenye kilo mingi anajitupa nyuma, mudogo anabaki chini yake. Hapa kila mutoto anajua jina ya Popole Misenga, mutoto wa Bukavu mwenye alifika mpaka Olimpiki ya Rio 2016 mu timu ya bakimbizi na akashinda pambano yake ya kwanza, na ni muzuri bajue, lakini banachukua judo yote kuwa kushinda mutu, ata saa ya kupasha mwili. Mama mumoja ameniuliza kama mutoto wake anakujaka kujifunza ao kuumizwa. Niache hii mazoezi turudilie kukimbia, ao iko namna?

yaya_wa_tatami (Bukavu)

Mudogo wangu, usiache, tafazali. Kukimbia kunapasha miguu tu, lakini judo hakuna siku mutu ataifanya peke yake. Kano Jigoro mwenye alianzisha judo na sali yake Kodokan kule Tokyo mu 1882 aliacha misingi mbili, moja ni kutumia nguvu vile inafaa, ya pili ni kuendelea pamoja, weye na mwenzako. Hii ya pili mutoto hawezi kuishika juu umeisema na kinywa, anaishika siku anaona mwenzake amemubeba vizuri hakumuangusha. Na itamusaidia kesho yake ku uchi-komi (kurudia kuingia mu mutupo bila kutupa), sababu uke (ule mwenye kutupwa) akijilegeza ovyo ao akikaza mwili wote, mwenye kuingia hatajifunza kitu ata akirudia mara mia. Kupokea ni kazi, bafundishe hivyo toka dakika ya kwanza.

Sasa badilisha kitu unapima. Kama unaangalia nani amefika wa kwanza ku ukuta, batakimbizana tu, hauwezi kubakataza. Sema hivi: bruweti inahesabika kama bote bawili bamefika na tumbo ya ule wa chini haikugusa chini, ikigusa banarudi bote ku mwanzo, ata ule mwenye kushika. Utaona vile ataanza kuangalia mwenzake. Na umuoneshe pa kushika: kwa mudogo ashike ku mapaja, karibu na magoti, sio ku vifundo, juu ukishika mbali sana kiuno inashuka na uzito yote inaenda ku mabega. Mwendo ni wa mikono ya ule wa chini, mwenye kushika anafwata, hasukume.

Iko na ingine naipenda kuliko zote. Mumoja anafunga macho, anashika kimono ya mwenzake ku mukono na ku kola, mwenzake anamutembeza polepole, mbele, nyuma, pembeni, anazunguka. Mwenye kufunga macho anapaswa kusikia ku vidole kwamba uzito imehama. Mu sali inakuwa kimya ile saa, hata bale ba fujo, juu ukimugongesha mutu mwenye macho imefungwa kila mutu anaona ni kosa ya nani.

kine_goma

Naongeza kitu moja kwa sababu nasomea kine (kutunza musuli na viungo) na tunaonaka mingi. Ile ya kusukuma mugongo wa mwenzako akiwa amekaa na miguu imefunguka, ondoeni mu kupasha mwili, kabisa. Ya kwanza ni juu mutoto hajue kupima nguvu, anasukuma na kudunda-dunda, musuli inajikaza badala ya kufunguka ao inapasuka. Ya pili, kunyoosha musuli na kukaa vile bila kusonga kupita dakika moja kunapunguza kidogo nguvu ya kuruka na kutupa kwa muda fulani, njo mbele ya judo ni muzuri kunyoosha mukitembea mukizungusha viungo, ile ya kukaa muweke ku mwisho. Na siku mukiifanya, mwenye kunyooshwa njo anaongoza: akipiga na mukono mara mbili, mwenzake anaachia ile saa ile, hakuna kusema ngoja kidogo.

Kubebana: kilo zikaribiane, na mwenye kubeba ashuke na magoti. Shingo musiiguse, mutoto asiweke uzito ya mwenzake ku shingo ata kwa muchezo. Huku kwetu klabu zingine ziko na tatami nyembamba juu ya simenti, kama na kwenu ni vile, mubebane katikati, sio pembeni.

Nadège_Lshi

Miye niko Lubumbashi, ni karate tunafanyaka lakini shida ni ile ile. Sisi tunabadilisha mwenzi kila mara, sensei anapiga mikono na kila mutu anasogea mahali moja, hivi mutoto wa fujo hawezi kubaki na mudogo mumoja saa yote, na aibu ya kuchaguliwa wa mwisho inaisha. Kama hesabu haigawanyike, batu batatu pamoja, wa tatu anaangalia na anasema nini hakikuenda muzuri, kisha anaingia.

Na tafazali metre, kuhusu babinti. Kuna bale habapendi kubebana na kijana, wengine ni nyumbani, wengine ni bao benyewe. Usimuulize mbele ya bote kwa nini. Mupe nafasi akatae bila maneno, umuweke na mwengine, muendelee. Binti akijua hapana yake inasikiliwa saa ya kupasha mwili, ata kupiga mukono ku pambano hatakawia. Miye niliona babinti banaacha klabu kwa kitu ya namna ile tu, na hakuna mwenye aliuliza benyewe.

Mu juni na juli huku baridi ya asubui inakuwaka kali, tunaongeza dakika mbele ya kubebana.

ippon243

Na mashindano muyatoe yote?? Mutoto wa miaka 10 bila mashindano analala yaya.

yaya_wa_tatami (Bukavu)

Hapana, yabaki. Muchezo wa kugusana magoti ni mashindano na uko muzuri sana, unafundisha miguu na macho. Uwekwe ku mwisho, mwili imeisha kupata moto, dakika mbili-mbili, na wenye kugusana vichwa banatoka. Lakini bruweti na kubebana visiwe mbio.

mukaba_bulu_kadutu (Bukavu)

Aksanti sana bote. Kunyoosha mugongo naitoa kesho, na kwa babinti nitaongea na metre kwanza. Imebaki moja: niko na mutoto mumoja kilo zake zinapita za bote, hakuna mwenye anaweza kumubeba, na akibeba bengine banamuogopa. Anaanza kukaa pembeni.

yaya_wa_tatami (Bukavu)

Huyo asibebwe, avutwe. Alale ku tatami, bawili bamukamate ku mikono ya kimono bamukokote mpaka ngambo, kisha yeye anabakokota mumoja mumoja. Na mugongo kwa mugongo umufanye naye weye mwenyewe, mbele ya bengine, bamuone anakusimamisha.