Semina za kuandika maandiko ya miradi zinakula hela za vikundi vyetu

Wakuu, nimenyamaza vya kutosha, leo naandika.

Septemba 2025 kikundi chetu cha wakulima wa mbogamboga hapa Morogoro kilinituma kwenye mafunzo ya siku tatu ya kuandika maandiko ya miradi, yaani maombi ya fedha kwa wafadhili. Ada 250,000. Hela hiyo ilitoka kwenye hisa za wanachama, na mle ndani kuna mama anauza mchicha fungu mia mbili.

Siku zote tatu ni slaidi. Hakuna aliyeandika hata ukurasa mmoja! Kalamu tulizishika kusaini mahudhurio na kunakili.

Asubuhi nzima ya siku ya pili tulifundishwa kuomba fedha USAID. Shirika la misaada la serikali ya Marekani, ambalo misaada yake ilisimamishwa Januari 2025 na likafungwa rasmi Julai mosi! Nikanyoosha mkono kuuliza, mwezeshaji akanijibu kwamba kanuni ni zile zile kwa wafadhili wote. Si kweli. Umoja wa Ulaya mara nyingi unataka kwanza muhtasari wa wazo, ukipita ndipo unaombwa andiko kamili. Wengine wana fomu zao, na ukiruka kiambatisho kimoja umeshatoka.

Bangokitita, lile jedwali la malengo, shughuli, matokeo na namna ya kuyapima, ambayo ndiyo uti wa mgongo wa andiko, ilipewa dakika ishirini kabla ya chakula. Watu wameondoka wakidhani kufundisha wakulima 40 ndiyo matokeo. Hiyo ni shughuli tu. Mfadhili anatoa hela ili mboga zinazoozea shambani zipungue, na anataka kujua utazipimaje, nani atapima, lini.

Tukapewa na flashi yenye "andiko la mfano". Nimelifungua nyumbani: ni mradi wa maji wa wilaya nyingine kabisa, na kwenye bajeti kuna mstari umeandikwa "Semina – 6,000,000" basi. Watu wangapi, siku ngapi, nauli kiasi gani, hakuna. Wenzangu wawili wamebadilisha majina wakalituma hivyo hivyo kwa mfadhili mmoja. Wote wamekataliwa.

Kilichonichoma kuliko vyote ni mwishoni, mwezeshaji alipotuita pembeni mmoja mmoja: anaweza kutuandikia yeye, tumpe asilimia kumi fedha zikitoka. Jamani! Hata chama cha wataalamu wa kazi hii kule Marekani, Grant Professionals Association, kwenye maadili yake kinakataza malipo ya asilimia. Na wafadhili wengi hawalipii kazi iliyofanyika kabla ya mkataba. Sasa hiyo kumi itatoka wapi kama si kwenye hela za mbegu? Mkaguzi akija, anayebanwa ni mweka hazina wetu, mwezeshaji hayupo.

Kidogo ninachokijua nilifundishwa na dada mmoja afisa miradi, bure. Alinirudishia bajeti yangu mara nne, imejaa wino mwekundu, kila mstari kaandika "umeipata wapi bei hii?" Mara ya tano ndiyo akasema sasa inasomeka. Hivyo ndivyo mtu anavyojifunza kuandika: analeta tatizo la kikundi chake, anaandika, anasahihishwa, anaandika upya.

Anayejua mahali wanapofundisha namna hiyo, hata kama ni miezi miwili, aweke hapa. Jumamosi nina kikao na wanachama. Wataniuliza hela yao imezaa nini, na nilicho nacho ni cheti.